Samaki Aliyekatwa Mkia

Nilistaafu Ijumaa iliyopita. Waliniandalia biriani, wakanipa saa ya ukutani, na mtu ambaye hajawahi kushika sindano ya kazi alisimama akaeleza jinsi kituo kitakavyonikumbuka. Biriani niliila. Saa niliiacha mezani, wala sikuisahau.

Haya ninayoandika ni yenu ninyi mtakaokalia viti vyetu katika chumba cha mawe, hapo Msambweni. Mtapewa kitabu cha kanuni, mtafundishwa kujaza kadi, mtaonyeshwa choo kiko wapi. Yaliyotokea hamtaambiwa. Basi nawaambia mimi, na mkiona nimeandika kwa hasira mniwie radhi. Nilijaribu kungoja ipungue, haikupungua.

Naitwa Mwanamisi, kwetu Kinondo. Kabla ya kuajiriwa nilikuwa nikikaanga samaki na mama yangu kando ya barabara iendayo Galu. Tangu nilipoweza kushika kisu nimepara tasi, changu na pono, na najua mfupa gani wa samaki unakaa wapi kama ninavyojua vyombo vya jikoni kwangu. Siku moja alikuja mteja mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi, akasimama akinitazama nikipasua kichwa cha changu na kulitoa shavu zima bila kuvunja kitu. Akaniuliza nani amenifundisha. Nikamjibu kwamba hakuna, ila mama hukasirika nikiharibu. Akasema kazini kwake wanatafuta mtu wa kupara samaki waliokufa zamani sana. Nilidhani ananitania, nikamwongezea ndimu ili aondoke.

Huyo alikuwa Fundi Hamadi. Alianza maisha akitengeneza meno bandia, na alipoiacha kazi hiyo aliondoka na vifaa vyake vyote vidogo: vikwaruzo, vikulabu, patasi nyembamba kama kucha. Kituo hiki cha mabaki ya kale kilimwajiri kwa sababu hakuna mwingine pwani nzima ya kusini aliyekuwa na vifaa kama hivyo. Alikaa na mawe mpaka akawa ndiye anayewasahihisha wenye shahada.

Siku ya kwanza nilikuwa bibi harusi wa wiki mbili, hina bado nyeusi viganjani. Fundi alinikalisha mbele ya mfuko wa mchanga, akaweka juu yake jiwe la kijivu lenye ukubwa wa kitumbua, akanipa sindano ya chuma yenye mpini wa mti, kioo cha kukuzia na mswaki. Akaniambia nimtoe samaki aliyemo, akaenda zake.

Nilikaa na jiwe lile siku tisa. Unachokoa punje moja, unapiga mswaki, unatazama, unachokoa nyingine. Siku ya kwanza shingo inakufa ganzi. Siku ya tatu macho yanaanza kuona magamba pasipo na magamba. Siku ya sita niliona mstari, nikafurahi, nikaufuata hadi jioni, kumbe ni ufa. Siku ya tisa jiwe lilikuwa limebaki kama korosho. Nikampelekea kiganjani, nikijua nimeharibu mali ya serikali.

"Fundi, humu hamna samaki."

"Hakuwamo tangu mwanzo," akasema. "Wawili waliokutangulia waliniletea samaki. Walimchonga."

Ndivyo nilivyopata kazi.

Mengine aliyonifundisha yanaingia katika ukurasa mmoja. Taa iwekwe ubavuni mwa jiwe, chini, maana kivuli ndicho kinachoonyesha mfupa. Gundi iyeyushwe kwa asetoni mpaka iwe nyepesi kama maji ya wali, inywewe na ufa yenyewe bila kusukumwa. Usiondoe kitu ambacho huwezi kukirudisha. Na kila siku, kabla ya chakula cha mchana, chora jiwe lako kwenye daftari la mezani, uandike umefika wapi na hali ya hewa ilikuwaje. Kadi ni ya ofisi, alisema, daftari ni letu. Nilidhani ni ushamba wa mzee. Daftari hilo ndilo lililokuja kuniokoa.

Samaki wetu wanatoka bara, upande wa nyika, nyuma ya Kikoneni na kuendelea hadi maeneo ya Lunga Lunga. Walizikwa kwenye tope mamilioni ya miaka kabla bahari hii yetu haijakuwapo, tope likawa jiwe la tabaka tabaka, na jiwe likipasuka vizuri unamwona samaki kajilaza ndani, mweusi mwenye kung'aa, magamba yake yamepangika kama vigae. Kazi yetu ni kumtoa, kisha kumpanga daraja. La kwanza ni samaki mzima, kichwa hadi mkia, kila pezi mahali pake. La pili amepungukiwa kidogo. La tatu ameharibika, ingawa bado anafaa kuonyeshwa. La nne ni vipande. Kanuni inasema la kwanza na la pili haliondoki ghalani kamwe, kwa kuwa ndiyo hazina ya watu wote. La tatu na la nne mkuu wa kituo anaweza kulitoa kwa shule, ofisi, au yeyote anayestahili. Kumbukeni sentensi hiyo ya mwisho.

Tulifanya kazi kwa sindano miaka mingi. Kisha ikaletwa kalamu ya upepo, mashine mnayoijua ninyi, yenye ncha inayogonga jiwe kwa nguvu ya kompresa. Mkuu wa kituo alipiga nayo picha, akiwa ameishika kichwa chini. Jina lake silitaji, na msidhani ni kwa heshima. Kalamu ile ilifanya kazi ya wiki kwa siku moja, na ilitoa vumbi la mwezi kwa saa moja. Vumbi laini kama unga wa ngano, lilikaa juu ya meza, juu ya chai, ndani ya kope. Jioni nikipenga kamasi lilitoka la kijivu.

Fundi Hamadi aliandika barua akiomba mashine ya kufyonza vumbi na barakoa zenye chujio. Hakujibiwa. Akaandika ya pili, na ya tatu. Jibu la ile ya tatu lilikuwa mstari mmoja: fungueni madirisha. Tukafungua. Upepo wa baharini ukaingia ukalirudisha vumbi lote usoni kwetu. Mwaka huo huo ofisi ya mkuu ilifungiwa kiyoyozi, na sababu iliyoandikwa, nimeisoma kwa macho yangu, ilikuwa kukinga nyaraka na vumbi.

Fundi akaanza kukohoa. Akapewa dawa za kifua kikuu, akazimaliza, akaendelea kukohoa, akapewa tena. Makohozi yake yalipimwa kila mara na kila mara yalikuwa safi. Alikonda mpaka miwani ikawa inamteleza. Hatimaye daktari mmoja, binti mdogo tu, alimuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: "Baba, wewe unafanya kazi gani?" Akampiga picha ya kifua, akamwonyesha. Fundi alinisimulia kesho yake, ametulia. Alisema mapafu yake yamegeuka jiwe, na kwamba kama angekuwa mtu wa kumpanga daraja angempa la nne. Kwa mara ya kwanza sikucheka kwa mzaha wake.

Alifariki baada ya Ramadhani, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mkuu alikuja matangani, akasema marehemu aliipenda kazi yake hata kufa. Nilikuwa upande wa wanawake nikasikia. Fundi aliipenda kazi yake, na vumbi ambalo mtu alikataa kuliondoa ndilo lililomuua. Hayo ni mambo mawili. Kila nilipomsikia mtu akiyafanya moja nimesimama nikamsahihisha, na nyuso zikanigeukia, nami sijali.

Kile kisanduku cha plastiki mtakachokikuta mezani, chenye matundu mawili ya mikono na bomba nyuma, nilikitengeneza mwenyewe mwezi uliofuata. Mashine ya kufyonza nililetewa na wifi yangu Zuhura, anayesafisha vyumba vya wageni hotelini Diani, walikuwa wanaitupa. Mtu akiwaambia kinaharibu sura ya chumba, mwambieni aende ofisini kwake akakohoe. Mimi nilichelewa. Ngazi za ghorofa moja sasa nazipanda kwa kupumzika mara mbili.

Nilikuwa nimebaki fundi peke yangu pale Nyevu alipokuja.

Nyevu ni mfugaji wa mbuzi, Mduruma, wa rika langu, anakaa nyikani kupita Lunga Lunga. Alifika kwa bodaboda, jiwe limefungwa kwenye gunia na kupakatwa safari nzima kama mtoto mgonjwa. Alisema Kiduruma, nikamjibu Kidigo, tukaelewana bila shida. Kijijini kwao walikuwa wakichimba silanga la kunyweshea mifugo, sururu ikapasua jiwe, na ndani akaona jicho. Wanaume walitaka kulifanya kizingiti cha mlango. Akawaambia hakanyagi kitu kinachomtazama. Akaliweka chini ya kitanda wiki mbili akiulizia nani anajua habari za mawe kama hayo, mpaka akaelekezwa kwetu. Hakutaka chochote. Alitaka kujua tu ni kitu gani.

Nilimwahidi kwamba nitakapojua nitamwambia. Nikaandika jina lake kwenye daftari, na jina la kijiji chake, na kwamba sururu ilimpiga samaki kwenye pezi la mgongo.

Nilikaa na samaki huyo miezi saba. Alikuwa na urefu wa mkono wangu kuanzia kiwiko, magamba mazito, meno kama ya msumeno mdogo. Kalamu ya upepo sikumgusa nayo. Yeye alikuwa wa sindano. Mwezi wa tano nilifika tumboni nikakuta uvimbe, na ndani ya uvimbe mbavu. Lakini mbavu zilikuwa zimeelekea kinyume. Mwenye shahada angesema samaki amepondeka. Mimi nimetumbua samaki maisha yangu yote, na najua mla wenzake humeza kwa kuanzia kichwa. Nikaendelea polepole, wiki baada ya wiki, mpaka akatokea wa pili, mdogo wa urefu wa shibiri, kichwa chake kimeelekea mkia wa yule mkubwa na mkia wake bado uko kooni. Alikuwa ndiyo kwanza amemezwa. Wote wawili walikufa katika dakika ile.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Mtu niliyetaka kumwonyesha alikuwa kaburini.

Nikamalizia mkia, nikauunga ufa wa sururu, nikaandika kadi: daraja la kwanza, aliyepata ni Nyevu. Mkuu akaja kutazama. Kisha akaanza kunieleza kuhusu hoteli mpya iliyokuwa inakaribia kufunguliwa Diani, na mwenye hoteli hiyo ambaye ni rafiki wa kituo, na jinsi ambavyo angependa kitu cha kale cha kupamba.

"Bi. Mwanamisi, hili ni la tatu," akasema.

"Ni la kwanza, Mkuu."

"Pezi la mgongo lina ufa."

"Ufa ni wa sururu, na nimeuunga. Samaki ni mzima, tangu mdomo hadi ncha ya mkia."

"Utaandika la tatu."

"Sitaandika."

Akanitazama kama mtu aliyesikia kiti kikisema. Akatoka. Nami, mpumbavu, nikadhani yamekwisha.

Wiki ile nilipata msiba Kinondo, nikachukua ruhusa ya siku nne. Niliporudi mfuko wa mchanga ulikuwa mtupu. Kadi ilikuwepo, mpya. Daraja la tatu. Aliyepata: jina la mkuu. Chini yake sahihi yangu, ikiwa na kikia mwishoni ambacho sijawahi kukiandika tangu nijifunze kuandika.

Zuhura, aliyekuwa amehamia hoteli hiyo mpya ilipofunguliwa, ndiye aliyeniingiza. Langoni askari mmoja, kijana wa bara, alikuwa amenizuia: "Mathe, hapa ni wageni tu." Basi kesho yake nikapita lango la wafanyakazi nimevaa aproni ya wifi yangu na ndoo mkononi. Nilimkuta samaki kando ya bwawa la kuogelea, ukutani, nyuma ya kaunta ya vinywaji. Walikuwa wamemjengea kwa saruji katikati ya vigae na kumpaka vanishi nzito kama ya kitanda kipya. Nikamwangalia kutoka mdomoni. Mdomo upo. Tumbo lipo, mdogo yumo. Nikafika mwisho wa jiwe, na mkia hakuna. Jiwe lilikuwa limekatwa kwa msumeno, wima, safi kabisa.

Fundi wa vigae alikuwa bado pale akimalizia upande wa pili. Alinipa shikamoo, nikamwitikia, nikamuuliza. Alisema kwa adabu kwamba nafasi aliyopewa ilikuwa fupi kuliko jiwe, akauliza afanyeje, akaambiwa apunguze. Kipande kilichobaki kilikwenda na kifusi, lori lilishakibeba kwenda kujazia barabara, hakujua ipi. Aliniuliza kama kilikuwa na maana. Nilimwambia kilikuwa na maana. Kijana yule aliweka mwiko chini na hakujua aweke wapi mikono. Yeye simlaumu.

Zuhura anasema nilisema maneno ambayo hakujua kwamba nayajua. Huenda. Ninachokumbuka ni kwamba wageni wawili waliacha kuogelea, na kwamba nilitolewa kwa lango lile lile kubwa nililokatazwa kuingilia.

Nikaandika barua makao makuu. Kimya. Nikaandika nyingine nikaambatisha nakala za daftari. Kimya. Nikaenda mwenyewe, nikakaa kwenye benchi la mapokezi siku mbili, na siku ya pili nikamwambia mhudumu kwamba nimekaa na jiwe moja miezi saba, kwa hiyo benchi lake halinitishi. Ikaundwa kamati ya watu watatu, ikaja Msambweni.

Mkuu aliwaambia kwamba Bi. Mwanamisi ni mtumishi mwaminifu, lakini umri umekwenda na kumbukumbu zinachanganyika. Alisema kwa huruma. Huruma yake iliniuma kuliko msumeno. Nikaliweka daftari mezani. Katika kamati alikuwamo mama mmoja mtaalamu wa mifupa ya kale, asiyesema sana. Alifungua ukurasa baada ya ukurasa: samaki yule yule amechorwa kila siku, kila mchoro umeongezeka kidogo kuliko wa jana, na vipimo, na mvua ilinyesha au haikunyesha. Alipofika ule wa mwisho, wenye mkia, akamgeukia mkuu.

"Anayedanganya hachori siku zote hizo," akasema. "Wewe una nini cha kutuonyesha?"

Alikuwa na kadi tu.

Wakaamua jiwe lirudishwe. Mkuu akahamishwa. Sikuuliza amepelekwa wapi. Nasikia na huko kuna ghala. Niliomba nikalitoe jiwe ukutani mwenyewe, kwa patasi, hata ikichukua mwezi. Hoteli ilikataa, wageni walikuwa wanakuja. Wakalitoa kwa mashine ya kubomolea, wakaleta vipande kumi na kimoja ndani ya kreti ya nyanya.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa hiyo. Mwaka mmoja na nusu. Vanishi niliifuta kwa pamba na asetoni, mahali padogo kama ukucha kwa siku. Saruji niliichokoa kwa sindano. Nyufa zikapita kichwani, kwenye mapezi, na moja mgongoni mwa mdogo kule tumboni. Niliviunganisha. Mkuu mpya, kijana mpole, alishauri nichonge mkia wa plasta na kuupaka rangi, kwa kuwa vipimo ninavyo. Nikamwambia kwamba vipimo ninavyo, na mkono wa kuchonga ninao, na sichongi. Mahali pa mkia niliweka plasta tupu, ya kijivu, tambarare.

Kisha nikamwita Nyevu, kwa kuwa nilikuwa nimemwahidi. Alikuja amevaa leso mpya. Nilimweka mbele ya meza, nikasogeza taa ubavuni. Nikamwonyesha jicho lile aliloliona yeye wa kwanza, kisha mbavu, kisha yule mdogo. Alicheka. Alisema kumbe alikufa na tonge kooni. Akainama akatazama kwa muda mrefu, akifuata kwa kidole bila kugusa, mpaka kidole kikafika kwenye plasta.

"Mkia nilikuletea," akasema. "Nauona hauko."

Nikamweleza yote. Kadi, hoteli, msumeno, lori. Sikupunguza kitu. Akajifunga leso yake upya.

"Dada, ningelijua ningeliliacha silangani, mbuzi wakalikanyaga. Mbuzi hawana msumeno."

Alikunywa chai, akashukuru kwa chai, akapanda bodaboda akaenda zake.

Wiki yangu ya mwisho kazini mkuu mpya aliniletea kadi. Jiwe lilihitaji daraja jipya. Alinisomea kanuni, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nikiwasomea wengine: samaki asiye na mkia, mwenye maungio mengi kama yale, ni la tatu. Kisha akanieleza, kwa upole wake, kwamba kuna ofisi moja kubwa mjini imeshauliza kama inaweza kulipata kwa ajili ya ukumbi wao.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mkuu wa kwanza aliandika uongo, na msumeno wake ukaugeuza uongo kuwa kweli. Miaka yote sikuwahi kuandika daraja lisilo la haki, na sasa daraja la haki ndilo lilelile alilolitaka yeye. Nilikaa na kalamu mpaka alasiri ikaadhiniwa. Ningeandika la kwanza, ningekuwa nimechonga samaki. Niliandika la tatu.

Kisha nikaligeuza jiwe kifudifudi juu ya mfuko wa mchanga, nikachukua wino mweusi na kalamu ya ncha, nikaandika mgongoni mwake kwa herufi za kusomeka: "Alipatikana na Nyevu, mzima. Lilikuwa daraja la kwanza. Mkia ulikatwa na watu waliopewa kumtunza. Asitolewe tena." Nikatia sahihi, isiyo na kikia. Juu yake nikapaka gundi nyepesi isifutike.

Mkuu mpya alikuja akasoma. Alisema kanuni inaruhusu namba tu nyuma ya jiwe. Nikamwambia imeshakauka. Kwa kamati ile nimeandika barua nikiomba kanuni ibadilishwe, kwamba jiwe lililoharibiwa na mikono yetu wenyewe lisitolewe kamwe. Barua iko kwao na jibu halijaja. Ulizieni.

Jumamosi kabla sijastaafu nilikwenda kuwaaga watu wa kwa Nyevu. Silanga limepanuliwa, lina maji, mbuzi wamenenepa. Kingo zake zimejengwa kwa mawe bapa ya kijivu. Nilipoinama kunawa niliona kwenye ukingo wa jiwe moja mstari mweusi unaong'aa, magamba manane au tisa, na mengine yote yamegeuziwa ndani kwenye udongo. Lililofuata lilikuwa nao pia, na la tatu. Nikamuuliza Nyevu haya ni mawe gani. Akasema ni mawe tu, dada, ya kuzuia maji, akanimiminia uji.

Mkienda huko mtapokelewa vizuri. Mtaulizwa habari za njiani, mtapewa kigoda na cha kunywa. Mkiulizia mawe mtaambiwa hakuna, na mtakuwa mmekaa hatua kumi kutoka kwayo. Msiwakasirikie wao.